Uyoga wa Chini ya Mipaini

Kama unasoma haya ukiwa umekaa kwenye benchi la hospitali, unasubiri jina la mtu wako liitwe, basi nimekuandikia wewe. Mimi si daktari. Ni fundi cherehani na mkulima wa kabichi, na mpaka leo sijui vizuri ini linafanya kazi gani mwilini. Ninachojua ni jinsi lilivyoniuma lilipokataa kuifanya. Najua pia ni nani walionishika mkono siku hizo, na jinsi ugonjwa wangu ulivyokaribia kuivunja nyumba yetu wakati mimi mwenyewe nimeshaanza kupona.

Kijiji chetu kiko upande wa Shume. Nyuma ya nyumba yetu kuna shamba la kabichi, na nyuma ya kabichi kuna mipaini ya serikali, imepandwa kwa mistari mpaka mlima unapogeuka. Msitu wa asili uko juu zaidi. Kwa mtu mwenye magoti mabovu ni safari ya asubuhi nzima.

Mwaka ule mama yangu mzazi alifariki kabla ya masika. Nilirudi kutoka mazishini nikiwa sina hamu ya kitu chochote. Chakula kilikuwa kinanigeuka mdomoni kama pamba. Mume wangu, Yohana, alininunulia maziwa, akaninunulia samaki kutoka Tanga. Nilionja, nikasukuma sahani. Nguo za wateja zilirundikana kwenye cherehani, na gauni langu la kanisani likawa linanipwaya.

Aliyeumia zaidi kwa hali yangu alikuwa mama yake Yohana. Tulikuwa tunaishi naye nyumba moja tangu baba mkwe afariki, na jikoni tulikuwa wawili. Kijijini wanamwita Mama Yohana. Mimi namwita Mama tu, na baada ya msiba wangu neno hilo lilibaki lake peke yake.

Jumamosi moja, mvua za kwanza zikiwa zimenyesha wiki nzima, alikuja akakaa karibu nami kwenye kigoda.

"Mwanangu, roho yako inataka nini? Niambie hata kama ni kitu cha ajabu."

Nilijibu ili aniache nipumzike. "Uyoga, Mama. Kama ule aliokuwa anatupikia mama."

Akainuka papo hapo, akajifunga kanga, akachukua kikapu. Mama alikuwa anachuma uyoga tangu akiwa msichana. Wanawake wenzake walimwita kila masika aende nao, maana alikuwa hajawahi kuleta nyumbani uyoga wa kumuumiza mtu. Lakini siku ile magoti yalikuwa yanamsumbua na ukungu ulikuwa mzito, hivyo hakupanda msituni. Aliingia mipaini hapo nyuma. Alirudi na uyoga mkubwa, mweupe wenye kuelekea kijani kidogo, mzuri kuutazama. Aliupika mwenyewe kwa kitunguu, nyanya na karanga za kutwanga.

Yohana alikuwa ameshuka Mombo na mzigo wa kabichi. Binti yetu, Upendo, alikuwa kwa dada yangu. Tulikuwa wawili tu mezani. Mama alikuwa na jino linalouma kwa siku kadhaa, akachovya ugali kwenye mchuzi na kumeza bila kutafuna, uyoga wote akaniwekea mimi.

"Kula wewe. Mimi jino langu haliniruhusu."

Nilikula. Ulikuwa mtamu. Niseme ukweli huu kwa sababu watu wengi wanadhani sumu ni lazima iwe chungu. Nilimaliza sahani, nikaomba tena. Mama alicheka, akajifuta macho kwa pembe ya kanga. "Leo nimemwona Rehema wangu," akasema.

Jioni nilikaa kwenye cherehani kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi. Nililala vizuri.

Alfajiri ndipo tumbo liliposhika. Sitaeleza yote. Atakayepitia atajua, na asiyepitia Mungu amwepushe. Nilitapika na kuharisha mpaka nikawa natoa maji matupu, vidole vikajikunja vyenyewe. Mama naye tumbo lilimsokota, lakini alisimama. Alimwita jirani, jirani akaita pikipiki, nikafungwa kwa kanga mgongoni mwa dereva kama mtoto, tukaenda kituo cha afya.

Tabibu wa pale alikuwa kijana mtulivu, asiyependa kupaza sauti. Aliniwekea dripu huku akiuliza maswali.

"Mmekula nini tangu jana?"

"Ugali na uyoga," Mama akajibu. "Lakini ilikuwa jana mchana. Amelala vizuri tu."

Tabibu aliacha kuandika. "Uyoga gani?"

"Uyoga mweupe. Wa hapo nyuma ya nyumba."

Tangu hapo alikuja kuniangalia mara nyingi kuliko wagonjwa wengine.

Siku mbili za dripu zikapita. Jumanne asubuhi niliamka nikiwa mzima. Nataka msomaji asimame hapa kidogo, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Niliamka mzima kabisa. Tumbo limetulia, kichwa chepesi, nina njaa. Niliomba chai na mkate. Nilimwambia nesi nataka kwenda nyumbani, nina sare za kwaya za kumalizia. Nesi alicheka, akasema anamwita tabibu aniruhusu.

Tabibu alichelewa. Alipokuja, alikuwa na sura nyingine.

"Dada Rehema, huendi nyumbani. Unateremka hospitali ya rufaa sasa hivi, gari la wagonjwa linawashwa."

"Mbona nimepona, daktari? Niangalie."

"Hata ukisimama hapa ukacheza ngoma, sikuruhusu."

Nilikasirika. Nilipanda lile gari nikiwa nimenuna, nikaukamata mfuko wangu wa nguo mapajani kama abiria aliyetozwa nauli mara mbili. Tuliteremka kona baada ya kona, tukapita Soni, mto ukiwa umejaa maji mekundu ya masika. Yohana, aliyekuwa bado hajarudi na mauzo ya kabichi, alikuwa anatusubiri Mombo kwenye njia panda, buti zake bado zina matope ya shambani. Alipanda, akaniangalia usoni kwa muda mrefu. Hakuniambia alichokiona. Baadaye sana ndipo aliponieleza kwamba macho yangu yalikuwa yameshaanza kuwa ya njano.

Kwenye hospitali ile ya rufaa niliumwa mpaka nikasahau jina la kijiji chetu. Hospitali iko tambarare, kwenye joto, na mtu wa milimani joto linamchosha hata akiwa mzima. Ngozi yangu iligeuka rangi ya papai. Mkojo ukawa kama chai ya rangi. Mwili mzima uliwasha, mwasho wa ndani ambao kucha haziufikii. Walinitoa damu asubuhi na jioni, mpaka mikono ikawa na mabaka na nesi akaanza kutafuta mishipa miguuni. Kisha kuna siku ambazo sinazo kabisa. Naambiwa niliwaita manesi wote "mama". Naambiwa pia nilikaa kitandani nikishona shuka kwa vidole vitupu, bila sindano wala uzi, na nililia mtu aliponishika mikono nisiendelee.

Yohana alikuwa nje kwenye benchi. Madaktari walimwita pembeni wakamwambia ajiandae. Aliniambia jambo hili mwaka mmoja baadaye, tukiwa tunapalilia, bila kuinua macho kutoka kwenye jembe. Alisema alitoka nje ya geti, akanunua sabuni, akarudi kufua nguo zangu, maana hakujua kujiandaa kunafanywaje. Alifua zilizokuwa chafu, kisha akafua zilizokuwa safi.

Sikufa. Ini lilianza kurudi polepole, na hakuna aliyeweza kuniambia ni kwa nini langu lilirudi wakati la mwingine halirudi. Nilipopata fahamu vizuri niliona kwamba kwenye kitanda cha jirani kuna mwanamke mnene wa Pangani, Mama Saida, aliyekuwa na ugonjwa wake wa tumbo kujaa maji. Ndiye aliyenikata kucha nisijichubue. Alikaa pembeni ya kitanda changu na mkasi mdogo, akishika kidole kimoja kimoja kama anavyokatwa mtoto mchanga.

"Wewe mtu wa Lushoto," akaniambia, "rangi hii ya embe bivu imekupendeza. Ukitoka hapa usiirudishe."

Nilicheka, na mbavu ziliniuma, na nikajua nitaishi. Mama Saida alitangulia kuruhusiwa. Mpaka leo tunapigiana simu kila sikukuu, yake na yangu.

Kila siku nilimuuliza Yohana, "Mama hajambo?"

Alijibu, "Yupo."

"Tumbo lake lilipona?"

"Yupo," akasema tena, akainuka kwenda kuchota maji.

Niliruhusiwa masika yakiwa yameisha. Nilirudi nyumbani kwenye baridi ya kipupwe, ukungu umekaa juu ya kabichi mpaka saa nne. Nilikuwa nimekonda hivi kwamba pete ya ndoa ilifungwa uzi isianguke. Nywele zilitoka kwa kitana, mafungu kwa mafungu. Niliingia ndani nikaita, "Hodi, Mama!" Hakuna aliyeitika. Jiko lilikuwa limefagiliwa, majivu ni ya baridi, na kigoda chake kimegeuzwa miguu juu.

Upendo alikuwa na miaka kumi na mitatu, umri wa kujua mambo na kukosa wa kumwambia. Aliniletea maji ya moto ya kunawa uso, akasimama hapo hapo.

"Bibi aliondoka, Mama. Alikwenda Bungu kwa mdogo wake. Baba alimpigia simu, akamwambia asiguse kitu chochote jikoni kwake tena. Bibi aliweka simu chini, akafagia, akaondoka."

Yohana aliporudi kutoka shambani nilikuwa nimekaa kitandani namsubiri.

"Ulimwambia nini Mama?"

Alivua buti taratibu. "Rehema, wewe hukuyasikia maneno. Watu walinipigia simu kule hospitalini. Sahani nzima alikupa wewe, yeye akalamba mchuzi. Wewe unakufa, yeye anatembea. Watu wanauliza."

"Alikuwa na jino!"

"Ndivyo anavyosema."

"Nilimwona, nimekaa naye meza moja! Uyoga niliuomba mimi. Aliutafuta kwa sababu nilikuwa sili. Wewe ulileta samaki, yeye akaleta uyoga. Tofauti yenu ni nini?"

Nilitaka kusimama niendelee, miguu ikakataa, nikarudi chini. Yohana alinyoosha mkono kunidaka. Nikausukuma. Alitoka nje, na nikasikia shoka likipasua kuni ambazo hatukuzihitaji.

Mwezi ule tuliishi kwa adabu, kama wapangaji. Alinipikia uji, akanipeleka msalani, akanisugua mgongo ulipowasha. Hakuna alichokosea kwangu. Lakini jina la mama yake halikutajwa, na nyumba ilikuwa na baridi kuliko kipupwe chenyewe.

Ilikuwa siku ya kliniki ndipo fundo lilipofunguka. Nilikuwa natakiwa kwenda kupimwa damu kila mwezi pale kituo cha afya, na Yohana alinipeleka kwa pikipiki. Tulikaa kwenye benchi na kina mama wenye watoto wa kupima uzito, mmoja akanipa nafasi karibu na dirisha lenye jua. Tulipoingia, tabibu yule kijana aliangalia macho yangu, akaangalia majibu, akatabasamu.

"Na bibi yule hajambo?" akauliza.

"Bibi gani?" Yohana akauliza.

"Mama yenu. Aliyeleta uyoga." Akatuona tunatazamana. "Hamjui? Jumanne ile nilikuwa nakuja kukuruhusu, dada. Ulikuwa unaomba chai, na mimi mwenyewe nilishaanza kuamini kwamba uyoga haukuhusika. Nikatoka mlangoni nikamkuta bibi amesimama, amelowa mpaka kiunoni, ameshika kitu kwenye kanga. Alikuwa amerudi mipaini akatafuta ule ule, akaufukua na udongo wake. Akaniambia, 'Daktari, huu ndio aliokula. Chini una kitu kama ganda la yai, na mimi sijawahi kuona uyoga wa kichuguu wenye ganda. Nimemlisha mwanangu kitu nisichokijua.' Nikaupiga picha nikaituma kwa wakubwa wangu kule rufaa. Walinijibu neno moja tu: lete."

Akafunga faili. "Tumbo lake lilikuwa linamsokota bado. Nikamwambia alale nimwekee dripu. Akasema, 'Mpeleke kwanza yule.'"

Yohana alikuwa anatazama sakafu. Tulitoka nje, akawasha pikipiki, akaizima. Akakaa juu yake, mikono kwenye usukani, mpaka wale kina mama wakaanza kutuangalia.

"Twende Bungu," nikamwambia.

"Huna nguvu za safari hiyo."

"Basi nitalala njiani. Twende."

Tulikwenda Jumamosi iliyofuata: kushuka Mombo, kupita Korogwe, kisha kupanda tena mlima kwa pikipiki mbili za kukodi. Nyumba ya mdogo wake Mama ilikuwa juu ya njia, kwenye ngazi za udongo. Yohana alisema atabaki chini kuangalia pikipiki. Kila pikipiki ilikuwa na dereva wake. Sikumuuliza.

Mama alikuwa amekaa uani anachambua maharage. Aliniona, akaacha ungo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Kisha akasema, "Sogea hapa. Nionyeshe macho."

Nilipiga magoti mbele yake. Alinishika uso kwa mikono miwili, akavuta ngozi ya chini ya jicho kwa kidole gumba, la kwanza, kisha la pili, akiangalia weupe wake kama mtu anayetafuta uchafu kwenye mchele.

"Yamesafika," akasema.

"Yamesafika, Mama. Turudi nyumbani."

Akatikisa kichwa. "Maneno ya watu nimeyazoea. Na Yohana ni mwanangu, nitamsamehe hata asipoomba. Siyo hilo." Akaokota maharage yaliyomwagika. "Mama yangu alinifundisha uyoga nikiwa mdogo kuliko Upendo. Alinishika mkono, akanionyesha, akaniambia huu na huu na huu. Miaka yote hiyo nimewalisha watu. Sasa naona sikujua kitu. Labda naye hakujua, na tuliponea kwa bahati tu. Mikono hii nitaipikiaje nyumba?"

Nilimwambia tu kwamba tabibu ametueleza kuhusu Jumanne ile. Aliinamisha kichwa, akaniuliza kwa nini tabibu hakuweza kukaa kimya.

Nilipoinuka kuondoka, kizunguzungu kikanishika. Zile ngazi za udongo nisingeziweza peke yangu. Mama aliniangalia, akaguna, akaingia ndani. Alitoka na furushi lake la nguo kichwani, akanishika mkono. "Nakusindikiza," akasema, ingawa hakuna anayesindikiza mgeni na furushi.

Chini njiani Yohana alisimama wima kama mwanafunzi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

Alimpokea furushi. Alilifunga kwenye pikipiki kwa kamba, akalifungua, akalifunga upya. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao yote siku ile.

Mama alirudi, ila hakuingia jikoni. Alifagia uwanja, akalisha kuku, akala nilichopika. Nikimwomba anionjee chumvi alisema mdomo wake hauna ladha siku hizi.

Vuli ilipoanza alikuja mgeni. Alikuwa mtafiti wa uyoga, msichana wa Kitanzania aliyekuwa kwenye hifadhi ya Amani kwa kazi zake za msituni, jina lake Anitha. Tabibu alikuwa amemwonyesha ile picha. Alimwamkia Mama kwa Kishambaa, "Onga mshi," akakosea matamshi, Mama akamsahihisha, na hilo likasaidia. Aliomba aonyeshwe mahali penyewe. Mama alikataa mara mbili. Mara ya tatu akachukua fimbo yake, akatangulia.

Mimi nilifuata nyuma, nikipumzika kila baada ya mistari michache ya miti. Chini ya mipaini hakuna kelele, miguu inakanyaga majani yaliyooza, membamba kama sindano. Mama alisimama, akaelekeza kwa fimbo. Uyoga ule ule ulikuwa umechomoza, miwili. Niligeuka pembeni.

Anitha alichimba kwa kisu, akautoa mzima na udongo wake. Alitufundisha kutokuchuma uyoga kwa kukata shina, maana ushahidi unabaki ardhini. Akatuonyesha pete shingoni mwa uyoga na lile ganda chini.

"Bibi," akauliza, "mama yako alikufundishia wapi kuchuma?"

"Juu msituni. Na kwenye vichuguu vya mashambani."

"Hapa kwenye mipaini je?"

"Mipaini ipi? Yeye akiwa msichana huku kulikuwa hakuna mpaini."

"Basi huu hakuwahi kuuona," Anitha akasema. "Uyoga huu unaishi na mizizi ya miti ya kigeni. Ulikuja nayo kwenye udongo wa miche, kutoka ng'ambo. Msitu aliokufundishia mama yako haukuwa nao. Alikufundisha msitu wake, na aliufundisha vizuri. Huu ni mgeni aliyehamia baada yake, kavaa nguo zinazofanana na za wenyeji."

Mama aliugeuza ule uyoga kwa ncha ya fimbo. Upepo ulipita juu ya miti, matone yakatuangukia.

"Kwa hiyo mama yangu hakukosea," akasema.

"Hakukosea, Bibi."

Mama aliketi chini kwenye zile sindano zenye maji, akalia. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia kwa sauti, hata kwenye msiba wa baba mkwe. Nilikaa pembeni yake nikamwegemea, kwa sababu nilikuwa nimechoka na kwa sababu nilitaka. Anitha alikwenda kando kidogo, akajifanya anaangalia miti.

Tangu siku ile Anitha amekuja mara kadhaa, na wanawake wa kijiji hukusanyika uwanjani kwetu. Yeye analeta picha na kioo cha kukuzia. Mama analeta majina ya Kishambaa, na mahali, na majira. Mmoja aliuliza kama uyoga ulioliwa na konokono ni salama. Anitha akasema konokono ana tumbo lake na wewe una lako. Kijiko cha fedha hakisaidii, kitunguu hakisaidii, kuchemsha na kumwaga maji hakusaidii. Mama naye alisema yake, jirani aliyeniitia pikipiki akiwa amekaa mbele, yule yule aliyekuwa wa kwanza kumpigia Yohana simu na yale maneno: "Nitawafundisha ninaoujua. Nisioujua nitasema siujui, na tutauacha hapo hapo ulipo, hata kama tuna njaa." Yule jirani alikuwa wa kwanza kuitikia.

Kwako wewe uliyeko kwenye benchi: mtu wako akiumwa tumbo baada ya uyoga, hata kama aliula jana, usingoje. Peleka na uyoga wenyewe, mbichi au uliopikwa, hata maganda kutoka jalalani. Na siku akiamka ana nafuu anaomba chai, siku hiyo ndiyo umshike zaidi asitoke. Halafu, akipona, angalia ni nani mmemwacha nje ya mlango mkiwa mnaogopa.

Mimi nimepona kwa kiasi changu. Nywele zimeota, laini kuliko za zamani. Mchana nachoka mapema, na bado napimwa damu kila baada ya miezi kadhaa. Nashona.

Masika yaliyofuata Anitha alipanda na Mama msituni, wakarudi na uyoga wa kichuguu, wenye mzizi mrefu unaokwenda chini mpaka kwa mchwa. Waliupanga mmoja mmoja juu ya jani la mgomba, wakaugeuza, wakaunusa, Anitha akasema wote ni huo. Anitha aliondoka na wake. Uliobaki ulikaa mezani, na sisi tuliuzunguka tukiutazama.

Mama alisema, "Nitaupika nile mimi peke yangu. Nyie mtaningoja mpaka keshokutwa."

Aliingia jikoni. Nilisikia sufuria, nikasikia kisu juu ya kitunguu, na Upendo akanifinya mkono. Ulipoiva, Mama alijipakulia kwenye bakuli, akaketi. Yohana alikuwa mlangoni anavua buti. Alinawa mikono, akaja akaketi mbele ya mama yake.

"Nipakulie, Mama."

"Nimesema mningoje."

"Nimesikia. Nipakulie."

Mwiko ulikaa hewani, kisha ukashuka kwenye sufuria. Mama alimpa kidogo. Yohana akasogeza sahani tena mbele, akaongezwa. Alimega tonge, akachovya, akatafuna taratibu huku akimtazama mama yake usoni, na machozi yakamtiririka bila yeye kuyafuta.

Mimi sikula. Harufu yake bado mwili wangu haiitaki, na Mama hakunilazimisha. Niliketi na chai yangu, nikawaangalia.

"Chumvi imezidi," Yohana akasema mwishowe.

"Haijazidi," mama yake akajibu. "Kula."